Gita lisimeze maneno: tusipotezwe na neno 'nguvu' tunaponunua spika

Wahenga walinena kwamba ngoma ivumayo haidumu. Walinena hivyo kabla umeme haujafika vijijini, na bila shaka hawakuwa wakifikiria spika za gita. Hata hivyo, methali hiyo ndiyo iliyonijia akilini miaka michache iliyopita nilipokuwa nimeketi katika bwalo la shule moja ya upili, nikiwa nimealikwa kuwa mmoja wa waamuzi wa mashairi ya kuimbwa.

Aliyekuwa jukwaani ni binti wa kidato cha tatu. Alikuwa ametunga tarbia ya beti saba juu ya ukame, na wenzake wawili wa chama cha muziki walikuwa wakimsindikiza, mmoja kwa gita la umeme na mwingine kwa ngoma. Nyuma yao lilisimama kasha kubwa jeusi lenye spika nne za inchi 12, na juu ya kasha hilo ilikaa amplifaya ya wati 100. Vyombo vyote viwili vilikuwa vipya. Wazazi walikuwa wamechanga kwa muda mrefu ili vinunuliwe, na mwalimu mlezi wa chama alininong'oneza kwa fahari kabla ya onyesho kuanza: "Daktari, safari hii tumechukua kitu cha nguvu."

Nguvu zilikuwepo kweli. Mabati ya paa yalitetemeka, na vikombe vilivyopangwa dirishani mwa jikoni vikagonganagongana. Binti alikuwa na kipaza sauti kilichounganishwa na spika ndogo ya ukutani, ile ya kutangazia habari za asubuhi. Niliiona midomo yake ikifunguka na kufumba, lakini nilichokipata kutoka kwake kilikuwa irabu tu: a ndefu mwishoni mwa kila kipande. Je, kina kilikuwa -ka, -ta au -pa? Sikuweza kujua. Mwamuzi mwenzangu aliandika katika karatasi yake kwamba vina vina kasoro. Baadaye tulipoletewa nakala ya shairi, tulikuta vina vyote vimetimia, vya kati na vya mwisho, bila hata kimoja kuchechemea. Wakati huo alama zilikuwa zimekwisha kujumlishwa na matokeo kutangazwa.

Mimi si fundi wa mitambo ya sauti. Kazi yangu ni isimu, na ndani ya isimu nimejikita katika fonetiki, taaluma inayochunguza jinsi sauti za lugha zinavyotamkwa, zinavyosafiri hewani na zinavyopokewa na sikio. Lakini wimbi la sauti ni lile lile, litoke kooni mwa mwanadamu au kwenye karatasi ya spika. Kwa sababu hiyo najipa ruhusa ya kuingia katika ua wa mafundi, nami nitaanzia pale ambapo mwanaisimu hana budi kuanzia, yaani kwenye neno.

Neno lenyewe ni nguvu. Ukienda kununua spika, iwe katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi au kwingineko, swali la kwanza utakaloulizwa ni la wati ngapi unazotaka, na jibu la wengi wetu ni kwamba tunataka ya nguvu. Katika mazungumzo hayo mafupi neno moja limebeba mizigo mitatu. Kwanza, nguvu ni umeme ambao amplifaya inautoa. Pili, nguvu ni umeme ambao spika inaweza kuustahimili bila kuungua. Tatu, nguvu ni ukubwa wa sauti unaofika sikioni. Muuzaji anazungumzia maana ya kwanza au ya pili, mnunuzi anasikia ya tatu, na wote wawili wanaagana wakidhani wameelewana.

Wati zilizoandikwa mgongoni mwa spika ni za ile maana ya pili. Ni kama kibao cha darajani kinachosema tani 10: hakisemi kwamba daraja lina uzito wa tani 10, kinasema tu kwamba lori lenye uzito uliozidi hapo litalivunja. Ndani ya spika mna koili ya waya iliyogandishwa kwenye koni ya karatasi na kuning'inizwa katika pengo la sumaku. Umeme unapopita, koili husukumwa mbele na nyuma, koni ikatikisa hewa, nasi tukasikia. Lakini ni asilimia chache tu za umeme huo zinazogeuka kuwa sauti. Zilizosalia zote huishia kuwa joto. Wati za spika, kwa hivyo, ni kipimo cha joto ambalo koili yake inaweza kulivumilia. Wasomaji wa rika langu watakumbuka redio za kaseti za miaka ya 1990 zilizoandikwa ubavuni, kwa tarakimu kubwa, wati 1000 na herufi PMPO, ilhali redio yenyewe iliendeshwa kwa betri sita. Tulidanganywa tukiwa wadogo, na nadhani wengi wetu hatujapona.

Basi ni kipi kinachotuambia jinsi spika itakavyosikika? Ni kipimo kingine kabisa, ambacho aghalabu huandikwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi inayotupwa pamoja na boksi. Spika hupewa wati 1 tu ya umeme, kisha sauti yake ikapimwa kwa desibeli katika umbali wa mita 1. Sina hakika kwamba tumekwisha kukubaliana kuhusu jina la Kiswahili la kipimo hiki; katika makala haya nitakiita mwitiko, kwa kuwa kinaonyesha jinsi spika inavyoitika upesi inapoitwa. Spika yenye sumaku kali na koni nyepesi huitika kwa sauti kubwa hata ikiitwa kwa mnong'ono. Yenye koni nzito au sumaku hafifu huhitaji kupigiwa kelele.

Tuchukue mfano halisi. Kampuni ya Celestion ya Uingereza ina spika mbili za inchi 12 zinazojulikana mno na wapiga gita duniani. Moja huitwa Blue, nayo inastahimili wati 15. Nyingine huitwa Greenback, nayo inastahimili wati 25. Mnunuzi anayefuata neno nguvu ataichukua ya 25 bila kusita. Lakini mwitiko wa Blue ni desibeli 100, na wa Greenback ni 98. Ukiziunganisha kwa zamu na amplifaya ile ile, bila kugusa kitufe chochote, ile inayodhaniwa dhaifu ndiyo itakayosikika zaidi. Ili Greenback iifikie Blue yahitaji umeme unaokaribia mara 1.6. Ajabu ya hesabu ni kwamba zote mbili zikipewa umeme wote ziwezao kuustahimili, moja kwa wati 15 na nyingine kwa 25, hulingana: kila moja hutoa takriban desibeli 112 kwa umbali wa mita moja. Dada yao aitwaye Vintage 30 hustahimili wati 60, na mwitiko wake ni desibeli 100, sawasawa na Blue. (Jina lina 30 na ustahimilivu ni 60, wanaodai kwamba majina hubeba maana ya vitu wana kazi hapa.)

Labda msomaji anajiuliza kama desibeli 2 ni kitu cha kuzungumziwa. Desibeli si kama kilo au lita. Umeme ukizidishwa mara mbili, sauti huongezeka kwa desibeli 3 tu, na sikio huona ni nyongeza ya wastani. Ukizidishwa mara kumi, huongezeka desibeli 10, na hapo ndipo watu wengi husema sauti imekuwa kubwa maradufu. Sikio ni bahili. Hulipa moja kwa kumi. Kwa mantiki hiyo hiyo, shule inayobadilisha amplifaya ya wati 100 kwa ya wati 10 haijapunguza sauti mara kumi, bali imeipunguza kwa nusu tu. Mwalimu anayenunua kidogo kwa kuangalia wati anaweza kupotea njia sawa na yule anayenunua kikubwa.

Sasa turudi bwaloni. Mazungumzo ya kawaida kati ya watu wawili waliokaribiana ni kama desibeli 60. Mwanafunzi anayeimba kwa kujitahidi bila kipaza sauti, akifikia 85 kwa umbali wa mita moja, si haba. Gita lenye Blue moja na wati zake 15 linaweza kufika 112. Tofauti hiyo ya desibeli 27 ni sawa na nishati iliyozidishwa mara 500. Ili gita hilo lilingane na mwimbaji, achilia mbali kumpisha, lahitaji takriban sehemu moja ya thelathini ya wati. Si wati thelathini, msomaji; ni wati moja iliyogawanywa mafungu thelathini, gita likapewa fungu moja. Na shule ile ilikuwa imenunua wati 100 na spika nne! Idadi ya spika yenyewe huongeza takriban desibeli 3 kila inapozidishwa maradufu, hasa katika sauti nene na kwa aliyeketi mbele, hata kama umeme ni ule ule. Spika nne, kwa hivyo, zilikuwa zimemwongezea mpiga gita desibeli 6 hivi kabla hajagusa uzi.

Hapa ndipo mwitiko unapokuwa suala la mwalimu na si la fundi peke yake. Spika ya desibeli 100 ikiwekwa darasani, kitufe cha amplifaya hakiwezi kupandishwa zaidi ya unywele mmoja kutoka sifuri. Kikiguswa kidogo sauti inaruka, na mwanafunzi anayejifunza hana nafasi ya kuidhibiti. Spika ya desibeli 94 ikiunganishwa na amplifaya hiyo hiyo ni sawa na kupunguza umeme hadi robo. Kitufe kinapata uwanja wa kutembea. Spika ya namna hiyo huuzwa kwa bei nafuu na hudharauliwa madukani, ilhali kwa chumba cha wanafunzi arobaini inaweza kuwa ndiyo iliyo bora. Kampuni ya Eminence ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1966 katika mji wa Eminence jimboni Kentucky, iliwahi hata kutengeneza spika yenye kitufe mgongoni cha kudhoofisha sumaku, ili mpigaji aweze kushusha sauti kwa takriban desibeli 9. Kwa maneno mengine, wapo waliolipa fedha zaidi ili spika yao iitike kidogo.

Lakini ukubwa wa sauti haukuwa tatizo pekee la binti yule. Spika ya gita si kama spika ya redio. Ya redio hujaribu kutoa kila sauti kwa uaminifu. Ya gita huanza katika eneo la hezi 75 hivi, chini kidogo ya uzi mnene wa gita ulio na hezi 82, na kufikia hezi 5000 huwa imekwisha kuchoka. Katikati, aghalabu kati ya hezi 2000 na 4000, huwa na kilima: hapo husikika zaidi kuliko kwingine, na kilima hicho ndicho kinacholipa gita la umeme ukali wake unaopendwa. Kwa bahati mbaya, au pengine si bahati, sikio la mwanadamu nalo ni jepesi zaidi katika eneo hilo hilo. Na konsonanti nyingi zinaishi hapo. Mpasuko unaotofautisha t na k, na mkwaruzo wa sh, hutegemea sana eneo hilo. Irabu hupata sehemu kubwa ya nguvu zake chini ya hapo, ndiyo maana a ya binti ilinifikia. Hata s zilipita, nyembamba kama upepo wa tundu la ufunguo, kwa kuwa s hukaa juu zaidi, mahali ambapo spika ya gita huwa imekwisha kunyamaza.

Mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kulijaribu jambo hili mwenyewe. Chukua pika, fika, shika na zika. Au soma na choma. Kinachotenganisha maneno hayo ni konsonanti moja ya kwanza, inayodumu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Izibe konsonanti hiyo kwa uzi wa gita unaolia kwa sekunde mbili, na msikilizaji atabaki na -ika au -oma, naye atajijazia apendavyo. Ushairi wetu wa arudhi umejengwa juu ya kina, yaani silabi nzima, konsonanti na irabu yake. Gita lisilopimwa halimsumbui mshairi kijuujuu tu. Linaondoa nusu ya kina chake.

Waasisi wa benga waliijua siri hii bila kusoma fonetiki. Katika nyimbo za akina D.O. Misiani na Shirati Jazz, gita la mbele ni kali na jembamba, lakini hufuata nyayo za mwimbaji, likimjibu na kumpokea mwishoni mwa kauli yake. Kisha mwimbaji hunyamaza na gita likapewa uwanja wake mzima, watu wakacheza. Hakuna anayemmeza mwenzake, kwa kuwa kila mmoja ana zamu. Vijana wetu wameurithi ukali wa gita la benga, na wengi wameisahau zamu.

Na yale makasha makubwa meusi yametoka wapi? Yana historia yake, tena ya mahali maalumu. Jijini London, katika mtaa wa Hanwell, Jim Marshall, ambaye asili yake alikuwa mpiga ngoma mwenye duka la vyombo vya muziki, alianza kuunda amplifaya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1965 Pete Townshend wa bendi ya The Who alimtaka amwundie amplifaya ya wati 100 na kasha la spika nane. Kasha hilo lilikuwa zito mno kwa wabebaji, likagawanywa kuwa mawili ya spika nne yaliyopandanishwa. Wakati huo mitambo ya kuvikuzia sauti vyombo vyote kumbini ilikuwa duni, na mpiga gita aliyetaka kusikika na umati hakuwa na njia nyingine ila kuusukuma umati huo kwa spika zake mwenyewe. Leo bendi kubwa huweka kipaza sauti kidogo mbele ya spika ya gita na kuiachia mitambo mikuu kazi ya kufikisha sauti. Haja iliyoyazaa makasha yale ilikwisha zamani, ila picha yake ingali ukutani katika mabweni ya wavulana. Townshend mwenyewe amesema hadharani mara nyingi kwamba masikio yake yameharibika, ingawa lawama kubwa huzitupia zile spika ndogo za kuvaa masikioni alizozitumia studioni.

Wapiga gita watanijibu kwamba spika iliyopigwa kwa sauti ya chini hulala. Wana hoja. Koni ya karatasi ikisukumwa kwa nguvu hujikunja kidogo na kuongeza sauti zake yenyewe juu ya zile za gita, na hizo ndizo zinazofanya gita lisikike kama lina pumzi. Spika ya kustahimili wati nyingi, ikiwa na koni ngumu, haijikunji kwa umeme mdogo. Hubaki imenyooka kama askari wa gwaride. Anayetaka uhai katika sauti ya chini, basi, atafute spika inayostahimili wati chache, amplifaya nayo ikiwa ndogo, ili zote mbili zifanye kazi karibu na kilele chao. Lakini sehemu ya usingizi huo haipo ndani ya spika. Mwaka 1933 watafiti wawili Wamarekani, Fletcher na Munson, walionyesha kwamba sauti inapokuwa ndogo sikio letu hupunguza usikivu wake kwa sauti nene, na kwa kiasi fulani kwa zile nyembamba sana, kuliko kwa zile za kati. Gita lile lile likishushwa sauti litaonekana limekonda ingawa halikubadilika. Dawa ni kuongeza besi kidogo na kuacha mambo mengine yalivyo. Dawa si kununua wati.

Kuhusu kununua kwenyewe nitasema kwa ufupi, maana kila shule ina chumba chake. Kwa darasa au chumba cha mazoezi, spika moja ya inchi 8 au 10 na amplifaya ya wati 10 au 15 inatosha na kusaza, na mwitiko wa desibeli 94 au 95 usimkatishe mtu tamaa. Kwa bwalo lenye watu 300, spika moja ya inchi 12 yenye mwitiko wa 97 au 98 yatosha, mradi mpiga ngoma naye ana adabu. Uwanjani hali hubadilika, kwa kuwa hakuna kuta za kurudisha sauti, na kila umbali unapozidishwa maradufu desibeli 6 hupotea. Zile 112 za mita ya kwanza huwa 88 katika mita ya 16. Hapo ndipo mwitiko mkubwa na wingi wa spika vinapopata kazi yake ya halali.

Liko jambo moja la usalama ambalo sipendi kulipita. Wati za spika zisiwe chini ya zile za amplifaya, na kwa amplifaya za valvu ni afadhali ziwe maradufu, kwa sababu amplifaya ya namna hiyo ikikamuliwa hadi sauti ikakwaruza hutoa umeme mwingi kuliko ilioandikiwa. Kadhalika, omu za spika zilingane na zile zilizoandikwa nyuma ya amplifaya. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, zikiunganishwa kwa kufuatana huwa 16. Mwalimu wa fizikia yupo shuleni. Aulizwe kabla ya fundi wa barabarani.

Na popote iwekwapo, spika isiwekwe sakafuni ikitazama magoti ya mpigaji. Sauti nyembamba hutoka kwenye koni ya inchi 12 kama mwanga wa tochi, moja kwa moja, wakati zile nene husambaa kila upande. Mpigaji aliyesimama juu yake hupata besi tupu, akaongeza ukali, na wanaoketi safu ya mbele wakachomwa masikio. Iinuliwe juu ya kiti na kuinamishwa nyuma kidogo, imtazame yeye usoni. Mara nyingi atapunguza sauti mwenyewe bila kuambiwa. Nimelishuhudia jambo hilo, na lilinifurahisha kuliko hesabu zote nilizozitaja.

Kuna masikio pia, na hapa nawaomba walimu walezi wanisikilize. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, huweka desibeli 85 kuwa kiwango cha kutozidiwa kwa saa 8 kwa siku, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hukatwa nusu: saa 4 kwa 88, saa 2 kwa 91, saa moja kwa 94, na kwa desibeli 100 ni dakika 15 tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani nalo lilipendekeza kwamba katika kumbi za burudani wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15 usipitwe. Chama cha muziki kinachofanya mazoezi kila Jumatano kwa saa mbili mbele ya kasha la spika nne kinaweza kuvuka mpaka huo kabla ya wimbo wa nne kwisha. Uziwi wa namna hii hauumi, wala hauji kwa siku moja. Huanza kwa kula zile hezi 3000 na 4000 ambamo t na k zimo, na kijana hugundua miaka ishirini baadaye kwamba watu wamekuwa wakimnong'oneza.

Baada ya mashindano yale nilimweleza mlezi wa chama sehemu ya haya niliyoyaandika, si yote, maana alikuwa amechoka na watoto walikuwa wakingoja basi. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna jedwali la desibeli linaloweza kulijibu: "Lakini Daktari, wazazi wamechanga. Nitasimama mbele yao niseme nini? Kwamba tulitakiwa kununua kidogo?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia tu kwamba kasha lisiuzwe kwa hasara, na kwamba kwa ajili ya bwalo waazime kitu kidogo mahali fulani.

Nilialikwa tena mwaka uliofuata. Kasha jeusi lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa cha meza nyuma ya jukwaa, likingoja siku ya michezo, ambapo nimeambiwa hutolewa nje na kufanya kazi nzuri mno kutoka ncha moja ya uwanja hadi nyingine. Kwenye kiti, karibu na mpiga gita, ilikaa amplifaya ndogo ya kanisa la jirani, yenye spika moja ya inchi 10 iliyobanduka gamba. Binti yule sasa alikuwa kidato cha nne. Shairi lilikuwa jipya na kina cha mwisho kilikuwa -cha. Nilikisikia nikiwa nimeketi safu ya nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni.